Breki Nzima, Honi Nzima

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelitoa ghalani bila kuaga. Ni la kuandikia mizigo inayoingia, lina mistari myekundu na jalada gumu, na kuanzia leo kazi yake ni moja: humu nitaandika jinsi nitakavyomwangusha Bwana Sawa. Ukurasa wa mwisho nimeuweka kando kwa ajili yake. Kila ubaya aliomfanyia kaka yangu nitauandika pale, na nikishaulipiza nitauwekea tiki.

Atakayelifungua bila ruhusa ajue anasoma mwandiko bora kuliko yote ghalani, ikiwemo ya wenye vyeti. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mwandiko wangu ulifika chuo kikuu.

Bwana Sawa ni msimamizi wetu. Ukimwambia paa linavuja, "Sawa." Ukimwambia rafu ya tatu imepinda na ina tani mbili za vigae juu yake, "Sawa sawa, tutaangalia." Kaka alikuwa dereva wa foko, ile mashine ya kuinulia mizigo. Alimwambia mara tatu kwamba breki zimekufa. Mara zote tatu, sawa. Tarehe 22 mwezi uliopita foko ilirudi nyuma yenyewe kwenye mteremko wa kupakilia, na mguu wa Kaka ukabaki kati ya chuma na ukuta. Sasa una vyuma vinne ndani na haukunjiki.

Leo barua imekuja nyumbani. Ameachishwa kwa uzembe. Eti karatasi za kazi zinaonyesha breki zilikuwa nzima asubuhi ile, kwa hiyo kosa ni la dereva. Hakuna ghala litakalomchukua dereva mwenye barua ya namna hiyo, hata mguu ukipona.

Mvua za msimu zimeanza leo leo. Nimeandika mstari wa kwanza kwenye ukurasa wa mwisho: BARUA.

Jumanne, 5 Machi

Mama kaniuliza kama na mimi nitaacha kazi pale. Nikamwambia sitoki mpaka yeye atoke.

"Yeye nani?"

"Utamjua akitoka."

Mama akasema nikimaliza kuota nikachote maji.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelegeza skrubu mbili za kiti chake. Kilimlaza chali, chai kifuani. Alitazama dari muda mrefu, halafu akasema, "Sawa." Hiyo ni tiki ndogo, nimeiweka pembeni.

Jumatano, 13 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nimetoboa mwavuli wake kwa msumari, matundu sita, pale kwenye mikunjo asipoweza kuona. Hajautumia bado, gari lake analiegesha mlangoni kabisa. Nina subira.

Jumapili, 17 Machi

Nimekaa na Kaka. Mguu ulikuwa juu ya kigoda, kama mgeni aliyepewa kiti chake mwenyewe. Nikamwambia twende ghalani, tudai watuonyeshe hiyo karatasi inayosema breki zilikuwa nzima.

"Nilishaonyeshwa," akasema. "Walikuja nayo hospitali."

"Imeandikwa na nani?"

"Achana nayo."

"Nitajie tu jina. Huyo mtu nitamla mbichi, bila chumvi."

"Mdogo wangu, nimesema achana nayo."

Akageukia dirishani. Kaka yangu, aliyewahi kumbeba jamaa mlevi kwa ukosi kama paka akamtoa nje ya geti, sasa anaogopa karatasi. Sikumwambia, lakini humu nasema: amekuwa goigoi. Ni kazi yangu kuwa na hasira kwa niaba ya watu wawili.

Nadhani ni karatasi ya ofisi ya juu, zile zenye mhuri. Mtu wa chini hawezi kuandika uongo mzito hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Habari tamu. Mteja mkubwa wa vigae amesema hataweka tena mzigo kwetu mpaka ghala likaguliwe usalama. Mkaguzi anakuja Jumatatu tarehe 22 Aprili. Bwana Sawa ametangaza hayo uso umemkauka kama boksi. Mimi nilifagia kwa furaha mpaka mpakizi mmoja akaniuliza kama nimepata mchumba.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo tarehe mosi, siku yangu ya sanaa.

Hapa kila asubuhi, kabla foko haijawashwa, mtu anatakiwa aizunguke na kujaza fomu: breki, taa, honi, matairi, uma wa mbele. Mtu huyo hayupo. Nipo mimi, tarehe mosi ya kila mwezi, na fomu za mwezi mzima. Tangu Desemba Bwana Sawa ananipa rundo ambalo keshalitia sahihi yake chini, ananiambia, "Msomi, nipambie." Ndiye aliyenipa jina hilo, Msomi, na nakiri nililipenda.

Wapumbavu wangejaza zote kwa kalamu moja. Mimi natumia tano. Jumatatu naandika kwa mkono mzito, kama mtu aliyeamka vibaya. Ijumaa naandika haraka haraka. Nyingine naidondoshea chai, nyingine naikunja pembe. Kila siku: breki nzima, taa nzima, honi nzima. Nikimaliza ungeapa walizijaza watu watano waaminifu. Hakuna anayezisoma, zinaingia kwenye faili na faili linaingia kabatini. Ni mapambo tu. Lakini kama ni kupamba, nitapamba kweli.

Ijumaa, 5 Aprili

Bwana Sawa amepaka njano mistari ya njia za kupitia, na mlango wa dharura ameupaka wekundu. Mlango huo umefungwa kwa kufuli tangu nianze kazi, eti wezi. Kofia ngumu ishirini ameziazima ujenzi wa jirani. Ndani ya yangu kuna jina la mtu mwingine na harufu yake.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Ndoo tisa chini ya paa.

Jumanne, 16 Aprili

Mto umehamia barabarani. Tumefika getini tukakuta maji magotini na ghala limefungwa. Hakuna aliyeingia, hata mlinzi alikuwa amekaa juu ya ukuta na viatu vyake mapajani.

Jumatano, 17 Aprili

Bado limefungwa. Nilikuwa nimelala nikitazama dari, ndipo likanijia. Nikakaa kitandani nikacheka mpaka Mama akaniuliza nina nini.

Fomu. Za jana na leo nilishazijaza tarehe mosi. Kwa mujibu wa faili, jana asubuhi mtu mwaminifu aliizunguka foko ndani ya maji, akapima breki, akapiga honi, akaridhika.

Alhamisi, 18 Aprili

Bwana Sawa mwenyewe kakumbuka. "Msomi, zile mbili za mafuriko zichomoe kabla ya mkaguzi. Andika nyingine useme tumefunga."

"Sawa," nikamjibu, kwa sauti yake kabisa.

Sijazichomoa. Nimezisogeza juu kidogo, zisipate taabu kuonekana.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nitaandika sana.

Mkaguzi alifika saa mbili kamili. Ni mama mtu mzima, mwembamba, viatu vizito, kofia ngumu yake mwenyewe iliyochubuka, miwani imefungwa kwa kamba na tepu ya kupimia kiunoni. Kabla ya saa tatu wapakizi walishampa jina la Mama Tepu. Alipima upana wa njia. Alipima mitungi ya kuzimia moto iko juu kiasi gani kutoka sakafuni, akasoma tarehe zake. Alipiga magoti mbele ya rafu ya tatu, kwa umri ule, akachungulia chini yake kwa tochi, na alipoinuka aliandika mistari mitatu bila kumtazama mtu. Bwana Sawa alikuwa nyuma yake akijibu sawa kabla hajaulizwa.

Sasa mimi. Asubuhi Bwana Sawa alikuwa ameitoa ile kufuli ya mlango wa dharura akaificha kwenye droo. Mimi nikaichukua, nikairudisha mahali pake. Nikasimama karibu na fagio langu kusubiri matunda.

Mama Tepu akafika mlangoni. Akaishika kufuli. Bwana Sawa akageuka rangi, nami moyoni nikaimba. Halafu yule mama akainama, akaokota kitu kidogo chekundu sakafuni, akamtuma Bwana Sawa alete mchoro wa jengo. Alipoondoka akaniita kwa kidole.

"Rangi ya komeo hili ni ya juzi," akasema. "Kufuli imeikwangua leo. Vipande hivi hapa. Na wewe kijana una wekundu kwenye kucha."

Nikaficha mikono nyuma, kama mtoto wa chekechea.

"Unamchukia sana bosi wako."

"Nani, mimi?"

"Sikiliza, mwanangu. Chini ya rangi kuna alama ya kufuli ya miaka. Ningeiona mwenyewe, ningemwandika. Sasa umeweka mkono wako, akisema ni hila ya mfanyakazi nitamjibu nini? Umemwokoa." Akaifungua tepu kidogo, ikarudi yenyewe kwa kishindo. "Ukiwa na la kweli niletee. La kupika usiniletee, kwangu kuna majiko ya kutosha."

Nimekuja nyumbani nimenuna. Kwenye orodha ilinibidi nifute tiki niliyoitanguliza asubuhi. Lakini kesho anasoma mafaili, na la mafuriko sikulipika mimi. Yaani nililipika, lakini liliiva lenyewe.

Jumanne, 23 Aprili

Naandika mkono ukiwa mbaya. Samahani, daftari.

Niliitwa ofisini kubeba mafaili na kutega ndoo pale paa linapovuja. Mama Tepu aliketi, Bwana Sawa alisimama. Mama Tepu alifungua faili la Aprili, akapindua moja moja, akafika.

"Tarehe kumi na sita mlikagua foko?"

"Kila siku tunakagua, mama. Sisi kwa usalama hatuna mchezo."

"Na kumi na saba?"

"Kila siku."

"Mlinzi wenu ameniambia siku hizo alikaa juu ya ukuta."

Bwana Sawa akanitazama. Nikatazama ndoo. Ile raha, sitaisahau. Ilidumu kama dakika moja na nusu.

Kwa sababu yule mama alitandaza fomu mezani kama karata, akasema taratibu, "Kalamu tano, mkono mmoja. Zimejazwa siku moja. Huyu mtu ana kipaji, kaja kukitupia hapa. Naomba na za Februari."

Mimi mwenyewe ndiye niliyelibeba faili la Februari nikampelekea. Miguu yangu ndiyo iliyotembea. Akapindua mpaka tarehe 22.

"Siku ya ajali. Breki nzima, taa nzima, honi nzima."

"Ndiyo hiyo," Bwana Sawa akasema, na sauti yake ikapata nguvu. "Hiyo ndiyo tuliyomwachishia dereva. Karatasi inasema breki zilikuwa nzima."

Nikaitazama. Pembe moja imekunjwa. Doa la chai. Tiki tano, kila moja na kijimkia chake. Ilikuwa nzuri sana. Nakumbuka nilipoijaza nilikuwa nikipiga mluzi.

"Imeandikwa na nani?" Mama Tepu akauliza.

"Huyo hapo mwenye ndoo. Msomi wetu," Bwana Sawa akasema, akitabasamu. "Tena ni mdogo wake dereva, tumbo moja. Mimi husaini kinacholetwa mezani."

Mama Tepu akanigeukia. "Ni kweli?"

Mimi, niliyejigamba humu tangu Machi, mla watu wabichi bila chumvi, nikasema, "Sijui."

Hakunikemea. Alikusanya karatasi akasema, "Kesho nipo hapa hadi saa sita mchana. Mtu akiniandikia kwa mkono wake kwamba fomu za Februari zilijazwa zote tarehe mosi, na nani aliagiza, fomu hii haina thamani tena, na barua ya dereva haina cha kusimamia. Asipotokea mtu, nitaandika nilichokiona Aprili tu. Februari itabaki ilivyo."

Mlangoni Bwana Sawa alinishika bega, kwa upole kabisa. "Msomi. Ukiandika, unajiandika. Humo mimi sina hata tiki moja. Nyumbani kwenu mtakaa wawili mkitazamana. Sawa?"

Nilirudi mapema, mvua ikinipiga na mimi sikimbii. Kaka alikuwa peke yake, mguu juu ya kigoda chake.

"Kaka. Ile karatasi."

"Umeiona."

Hakuuliza, alisema tu.

"Ulijua?"

"Tiki zako zina mkia kama wa panya. Tangu darasa la tatu. Mwalimu alikuchapa na hukuacha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba dogo niliyemtafutia kazi mwenyewe ndiye aliyenijazia? Wangekufukuza na wewe, na barua yangu wangeiacha palepale."

"Ningekuwa wewe ningenichinja."

"Nimelifikiria hilo," akasema. "Kila nikitaka kuanza, nakumbuka siwezi kukukimbiza."

Akacheka. Mimi nilijaribu. Nikakaa chini karibu na kigoda, tukasikiliza mvua ikigonga bati. Huyu ndiye niliyemwandika goigoi, ukurasa ule wa tarehe 17 Machi. Nimeurudia kuusoma. Sijaufuta. Acha unitazame.

Jumatano, 24 Aprili

Saa tatu na nusu niligonga mlango wa ofisi. Bwana Sawa alikuwa ndani na chai yake. Nikamwambia Mama Tepu nimeleta la kweli.

Nilitumia kalamu moja tu. Niliandika: Fomu zote za Desemba mpaka Aprili nimezijaza mimi, tarehe mosi ya kila mwezi, ofisini, mezani kwa msimamizi. Alinipa zikiwa tayari zina sahihi yake. Foko sijawahi kuizunguka hata mara moja. Sijui breki zake zilikuwaje tarehe 22 Februari. Dereva alijua, na alisema mara tatu mbele ya watu.

Chini nikaweka jina langu lote, la babu pia.

Mama Tepu akaniomba niweke tiki tano kwenye karatasi tupu. Akazilaza kando ya za Februari. Mikia ilikuwa ileile.

"Amejikaanga mwenyewe," Bwana Sawa akasema. "Mimi sijaandika kitu."

"Umeandika sahihi," Mama Tepu akamwambia, bila kuinua macho. "Chini ya tarehe kumi na sita Aprili umethibitisha kwamba breki zilikaguliwa, na ghala lilikuwa chini ya maji. Mtoto alijaza kabla. Wewe je, ulisaini lini?"

Akafungua mdomo. Nilimsubiri aseme sawa. Nilimsubiri kwa hamu kama watu wanavyosubiri goli. Hakusema.

Mama Tepu alimhoji Kaka kwa simu, kisha akawaita wapakizi wawili waliosikia zile mara tatu. Wakasema. Mmoja alikuwa na kofia ya kuazima na aliivua kabla ya kuongea, kama yuko msibani.

Saa tisa alikuja mtu wa ofisi ya juu. Bwana Sawa aliambiwa akabidhi funguo, zikiwemo za gari, maana ni la kampuni. Akachukua mwavuli wake. Nilikuwa nimesimama chini ya paa la kupakilia, na mvua ilikuwa ile ya kumwagwa. Aliufungua, akashuka ngazi. Hatua tano, akasimama, akatazama juu. Maji yalikuwa yanamshukia usoni kwa mistari sita.

Kwa mwezi mzima na zaidi nilikuwa nimeiandaa sentensi ya kumwambia wakati huo. Sikuisema. Aliponiona nikamwinulia tu mkono, kwa adabu, kama mtu anayemuaga mgeni wake. Alijua. Hiyo ilitosha, na naomba nisisamehewe kwa jinsi nilivyofurahi.

Robo saa baadaye na mimi nikakabidhi fagio. Mwavuli sikuwa nao kabisa.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama anajua yote. Hajaongea nami tangu jana, lakini chakula changu kilifunikwa.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imepungua. Natafuta kazi. Nimeulizwa nina ujuzi gani, nikakosa la kusema.

Jumatatu, 20 Mei

Jua siku ya tatu. Matope ya barabarani yamekauka yakabaki na alama za viatu vya watu wote wa msimu mzima.

Barua mpya ilikuja Ijumaa. Breki za foko zilikuwa mbovu na taarifa ilitolewa. Dereva hakukosea. Kaka aliisoma mara mbili, akampa Mama, Mama akaisoma akiwa amesimama. Ghala limemrudisha. Kuendesha bado, ila kazi yake ni kuizunguka foko kila asubuhi na kuijaza ile fomu. Leo ilikuwa siku yake ya kwanza nami nilimsindikiza hadi getini, nikachungulia kwenye uzio. Anakwenda na magongo, anasimama kila tairi, anainama kwa shida. Kupima breki, anawasha mashine na kumtaka dereva mpya aisimamishe kwenye mteremko, mara tatu. Dakika ishirini na tano. Wapakizi walikuwa wananung'unika. Nilitamani kuruka uzio niwazibe midomo mmoja mmoja.

Jioni hii nimelifungua daftari ukurasa wa mwisho. BARUA, nimeiwekea tiki. MGUU, mstari wa pili, nimeuacha, kwa sababu mwavuli na kazi ya mtu havitoshi kwa mguu, na sitaki kujidanganya tena kwa kalamu. Chini kabisa nimeongeza mstari mmoja: ALIYEIANDIKA ILE KARATASI.

Nikasita. Nikawaza, huyu si keshafukuzwa kazi, keshatia jina lake, kesharudi na mvua kichwani? Nikaweka ncha ya kalamu pembeni ya mstari.

Kaka alikuwa nyuma yangu, sikusikia magongo. Alisoma ukurasa wote juu ya bega langu. Halafu akanyoosha mkono akanichomoa kalamu vidoleni, akaiweka kwenye mfuko wa shati lake.

"Hiyo iache," akasema. "Hiyo nitaweka mimi. Nikishakukagua."